Eda Iliyochelewa

Kabla sijasimulia, nitenge mambo mawili, nawe msomaji uyaweke mbalimbali kama ninavyoyaweka mimi. Nyanya yangu alikaa eda katika nyumba yetu ya Likoni nilipokuwa mtoto wa darasa la nne. Hilo nimelishuhudia. Kwamba babu, mumewe, alichukuliwa na Waingereza akawabebee mizigo katika vita vyao na Mjerumani, hilo nimelisikia tu. Mama yangu, mtoto wao wa pekee, alikuwa bado tumboni wakati huo. Mimi sikuwapo kabisa.

Juzi walinijia wanafunzi wawili wa sekondari, msichana wa hapa mtaani Shika Adabu na mvulana ambaye wazazi wake walitoka bara kuja kufanya kazi bandarini. Msichana aliniamkia kama inavyopasa. Mvulana alisema, "Sasa, mzee," akapigwa kikumbo na mwenzake, akajirekebisha. Mwalimu wao amewatuma wakusanye habari za matukio makuu ya enzi ya ukoloni, na kila tukio walipatie jina la mtu wa mtaani aliyefikwa nalo. Walikuwa wamesikia habari za babu yangu. Wakaiweka simu mezani inase sauti, wakaniuliza alifia wapi.

Swali hilo lilinirudisha kwenye ua wetu wa nyuma. Palikuwa na kisima chenye maji ya chumvichumvi, na kando yake makuti mabichi yaliyorowekwa hadi yakatoa harufu ya uchachu ambayo mpaka leo nikiikumbuka huhisi njaa, kwa kuwa ilichanganyika na harufu ya iliki katika mahamri ya asubuhi. Nyanya alisuka makuti ya kuezekea, miguu ameinyosha, vidole vikienda bila yeye kuvitazama. Mimi nilikuna nazi ya mbaazi kabla ya kwenda madrasa, na nikiacha weupe kwenye kifuu hunirudishia.

Alivaa kipini puani na majasi masikioni, na Ijumaa hujipaka wanja. Yalikuwa mapambo ya mwanamke mwenye mume, ilhali mume hakuwapo tangu ujana wake. Ndugu zake walimsihi aende kwa kadhi afunguliwe ndoa, maana wachumba walikuwapo. Wengine walimwambia akubali kwamba amefiwa, akae eda, yaishe. Alikataa yote mawili. Akija mtu na habari kwamba babu alikufa kwa tumbo la kuhara, au alizama mtoni, au yu hai Tanganyika na mke na watoto, nyanya humuuliza nani aliyemwambia, na huyo naye aliambiwa na nani, mpaka mgeni anywe kahawa yake haraka na kuaga. Haya ya wageni niliyaona mwenyewe. Watu walipenda kumwambia kwamba lisemwalo lipo. Alikuwa akijibu, "Lipo. Lipo vinywani mwao."

Jirani yetu, fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, naye alichukuliwa katika vita hivyo, lakini yeye alirudi. Hakubeba kitu kichwani tena. Hata mkungu wa ndizi aliuburura mchangani, na aliswali kichwa wazi, wanawake wakimtania kwamba kofia inamwelemea. Habari za vita hakuzizungumza. Mama aliniambia kwamba nyanya alimuuliza mara moja tu, mwaka aliorudi, naye akajibu kwamba hakuwa msafara mmoja na babu. Hilo pia liweke upande wa niliyoyasikia.

Kisha mwanawe fundi akamlipia baba yake safari ya Hija. Unajua ada yetu: mwenye kwenda Makka hupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, asiondoke na haki ya mtu shingoni. Alifika kwetu asubuhi, mimi nipo juu ya mbuzi nakuna nazi. Nyanya alimtania.

"Radhi yangu unayo, bwana. Ila kitanda changu ulichokilegeza, hicho nitakudai kesho mbele ya Mungu."

Fundi hakucheka. Alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Nyanya akaacha kusuka.

"Mjukuu wangu, nenda kateke maji."

Mitungi ilikuwa imejaa. Nilikwenda.

Kutoka kisimani sikuona kitu, rundo la makuti likinikinga, na maneno ya fundi hayakunifikia, kwa kuwa alikuwa akisema chini chini, kwa muda mrefu. Nilizisikia sauti mbili tu za nyanya. Kwanza alisema, "Kwa mato yako?" akimaanisha macho. Kisha akasema, "Na mikono yako?" Majibu sikuyasikia. Fundi alipotoka alinipita; nilimpa shikamoo, hakuipokea.

Nyanya alinawa utomvu wa makuti, akavua kipini, akavua majasi, akamwita mama amletee nguo nyeupe. Mama alidhani ameugua. Aliitwa shekhe wa msikiti wetu, mtu mpole na mwanachuoni kwelikweli. Akasimama nyuma ya pazia akamweleza kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya mauti, haihesabiwi tangu siku ya habari. Kwa hiyo eda yake, kama ilikuwapo, ilikwisha kabla mimi sijazaliwa.

"Sheria nimeisikia, shekhe," nyanya alisema. "Allah akujaze kheri. Nami nitakaa."

Akakaa miezi yake minne na siku kumi. Nyumba haikufukizwa udi. Makuti yaliyorowekwa yalioza tukayatupa, na mahamri aliyopika mama hayakuumuka kama yale. Fundi alipanda meli, na sikumuona tena. Watu walisema alifia huko kwa homa. Nyanya hakupata kulizungumza jambo lile mpaka alipozikwa, na katika nyumba zetu neno ambalo mtoto alitolewa nje asilisikie haliulizwi, hata mtoto huyo akiota mvi.

Niliwaeleza wanafunzi hivi hivi. Msichana akafikiri kidogo.

"Lakini babu, si ni wazi? Alimuuliza kuhusu mikono. Fundi ndiye aliyemzika."

"Hiyo ni hoja yako, mwanangu. Si ushahidi wangu."

"Sasa tuandike alifia wapi?" mvulana akauliza.

"Usiandike."

Mvulana akamwambia mwenzake, akidhani sisikii, kwamba mzee huyu ni kama mahakama. Msichana akanigeukia. Aliniambia, kwa adabu yote, "Babu, tusipoandika kitu, itakuwa kama hakuchukuliwa."

Maisha yangu yote nimejivunia kwamba sisemi nisilolijua, na sasa nikaona wazi kwamba kwa kipimo hicho hicho mtu anaweza kupotea mara ya pili. Waliojua wamekwisha. Kisima kimefukiwa na juu yake pana gorofa ya kupangisha, na vitanda vya kamba havina tena wa kuviwamba. Wangekuja mapema, au mimi ningezaliwa mapema, au fundi angetaka radhi mapema. Swali zuri limefika kwenye nyumba isiyo na mtu wa kulijibu.

Ndipo nikawaambia waandike jambo moja, na juu ya hilo niko tayari kuapa.

Zamani, mke wa pwani hakumtaja mumewe kwa jina. Mama alikua bila kulisikia likitoka kinywani mwa nyanya, nami vilevile. Asubuhi aliyotoka eda, nyanya alioga, akaketi uani kwenye mkeka, akainua mikono. Nilikuwa karibu naye, naweza kumgusa. Alisoma Fatiha polepole, na alipomaliza akamtaja aliyemsomea: akasema marehemu, kisha jina lake, kisha jina la babake, kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka jikoni. Mama alitoka mbio, mikono imejaa unga, akasimama mlangoni.

Niliwatajia wanafunzi jina hilo, wakaliandika. Sauti ya nyanya ikilitamka, hiyo nimeisikia kwa masikio yangu.