Maziko ya Kaka Yangu huko Kuze

Nilifika Mombasa mwanzoni mwa miaka ya sitini, msichana wa bara ambaye hajawahi kuiona bahari, nikija kumwuguza kaka yangu. Alikuwa kuli kwenye maghala ya Shimanzi. Alikuwa amesilimu, akaoa mtaa wa Kuze, na nyumbani kwetu habari hiyo ilimezwa kwa shida.

Wakwe zake walinipokea vizuri hadi nikaona haya. Walinijulia hali mimi, wazazi, mifugo, hata mvua. Mama mkwe wake alinifunga leso kwa mikono yake, akanicheka kwa kutembea kama naruka matuta ya viazi.

Kaka alikata roho alfajiri. Nilikimbilia posta kumpelekea baba telegramu. Niliporudi, alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda, nyumba nzima inanukia udi.

"Mngojeni baba," nikasema. "Atapanda gari la moshi leo leo."

"Maiti hangojwi, mwanangu," akajibu mama mkwe, macho yamemvimba. "Kumuweka ni kumtesa."

Nililing'ang'ania jeneza. Wanawake wakanikumbatia, wakanibandua polepole. Hakuna aliyenikaripia, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi. Kwetu, maiti hulala nyumbani hadi ndugu wote wafike. Kwao, kumharakisha ndiko kumpenda. Wanaume walipokezana jeneza mabegani, hata wapita njia wakaingiza bega, wakatokomea kichochoroni. Mimi, kwa kuwa ni mwanamke, sikuruhusiwa kwenda makaburini. Niliwachukia watu wale waliokuwa wakinilisha.

Baba alishuka stesheni amevaa koti lake la kanisani. Kabla ya salamu akaniambia kwamba amewaacha baba zangu wadogo wakichimba kaburi kando ya nyumba, na mama amekwisha kutandika kitanda cha kumlaza mwanawe. Nikamwambia tumechelewa. Aliketi juu ya sanduku lake palepale, abiria wakimpitia huku na huku, na kwa muda mrefu hakuniangalia.

Kwetu, kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Siku tuliyorudi, baba alikata mgomba wenye urefu wa kaka, akauviringisha blanketi, na wadogo zake wakauteremsha shimoni. Mchungaji alikataa kuja. Mama alipiga magoti ukingoni akaulilia mgomba ule, akiuita kwa jina la mwanawe.