Ng'ombe wa Manila

Kila Desemba watu wa Kahama hukumbuka kwamba mimi ni msanii. Miezi mingine yote mimi ni yule mama wa stika pale Nyasubi: nakata majina ya kubandika kwenye bodaboda, namba za milango ya gesti, na maneno ya fulana za misiba, maana siku hizi marehemu hazikwi mpaka wafiwa wapate sare. Ikifika Desemba wanakuja kwa upole, wanasema wanataka kadi za Krismasi, ila ziwe za mkono, siyo zile za dukani.

Za mkono ndizo nilizowapa. Mkono wangu ulishika kipanya cha kompyuta, kidole changu kikabonyeza, na mashine ya kukatia stika ikafanya kazi iliyobaki huku mimi nakula embe. Karatasi ya manila unaibandika kwenye mkeka wenye gundi, mkeka unaingia mdomoni mwa mashine, na kijiwembe kidogo kinafuata mchoro bila kuuliza swali. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiamka haikumbuki ilikuwa inafanya nini, na Yosefu anabaki na mguu mmoja. Wateja walizipindua kadi huku na huku, wakasema kweli, kazi ya mikono inajulikana.

Michoro niliyoikuta mtandaoni ilikuwa ya theluji na paa wa Ulaya wenye pembe kama matawi. Niliona aibu kidogo, nikachora ng'ombe wetu wa pembe ndefu, zizi la miiba na mawe ya Shinyanga. Mteja wangu mmoja, mwenye duara, shimo la kuchimba dhahabu, upande wa Geita, alizitazama kama mtu aliyeletewa ugali akiwa ameagiza pilau.

"Dada, theluji iko wapi?"

"Bethlehemu kulikuwa na mifugo, kaka."

"Sasa Krismasi bila theluji si Jumapili tu?"

Theluji pekee aliyowahi kuiona ni ile inayoganda kwenye friji ya soda. Nilimkatia theluji, nikamwekea na paa wawili wa nyongeza, akaondoka anacheka.

Nina kipaji kingine ambacho hakuna aliyewahi kunishukuru kwacho. Siwezi kuona herufi imekosewa nikanyamaza. Kwetu Usukumani R na L ni mapacha. Unamwita huyu, anaitika yule. Mtu atakukaribisha kwa "kalibu," halafu atakuuzia "mchere," na moyo wake ni mweupe kabisa. Mimi nilisoma shule ya bweni kwa walimu wakali, nikatoka na ulimi ulionyooka na kiburi cha kuuonyesha. Niliwahi kukata R nzuri ya stika nyekundu, nikaenda kuibandika kwenye kibao cha mama ntilie aliyeandika "Kalibuni." Aliniuliza kama hiyo R yangu inaliwa.

Sasa niseme lililokuwa limenikaa kooni. Baba watoto wangu ni mtu wa Ushirombo, mtoto wa mzee wa kanisa anayeheshimika sana. Tulianza kuishi pamoja, watoto wakazaliwa, na mahari yangu haijaenda. Baba yangu, mfugaji wa Kishapu, alikuwa akipiga simu kuuliza, na mzee wa Ushirombo alikuwa na majibu mawili yasiyochakaa. La kwanza: baada ya mavuno. Sijui ni mavuno ya nini, maana mpunga ulivunwa, mahindi yakavunwa, tumbaku ikavunwa, na bado tulikuwa kabla ya mavuno. La pili lilikuwa la kiroho zaidi: "Mzee mwenzangu, usiwe na wasiwasi, sisi tumempokea." Kupokewa kwenyewe kulikuwa hivi, kwamba kila nilipokwenda kwao nilitambulishwa kama "mgeni wetu kutoka Kahama." Mgeni mwenye watoto waliofanana na mwenye nyumba.

Baba naye alikuwa na sheria yake. Mwanamume asiyeleta ng'ombe hakai kwenye kiti chake. Kwa hiyo kila Krismasi tulisafiri wote hadi Mhunze, mjini kwao Kishapu, baba watoto akatushusha stendi, akageuka na gari lilelile. Watoto walikuwa wameanza kuuliza kwa nini Baba haingii kwa Babu. Niliwaambia Baba ana kazi. Iliniuma, na iliniuma zaidi kuona wanaamini.

Mwaka huo niliamua walau niwatumie wakwe kadi ya kistaarabu, waone mgeni wao ana adabu. Niliitengeneza kuliko kadi zote. Niliikata kwa namna kwamba ukiifungua, ng'ombe wa manila anasimama katikati, pembe juu, na chini yake kuna maneno yaliyokatwa kwenye karatasi ya dhahabu. Nilitaka neno la Maandiko lakini kwa maneno yangu mwenyewe: pale Bethlehemu hapakuwa na mahali, lakini alipokelewa. Nikaandika, nikabonyeza.

Kukata herufi ndani ya karatasi kuna adha moja. Herufi kama A ina tumbo, na wembe ukishazunguka, tumbo linadondoka. Inabidi uyaokote matumbo yote kwa ncha ya sindano na kuyarudisha kwa gundi moja moja. Sentensi yangu ilikuwa imejaa A kama imelaaniwa. Nilishughulika na matumbo hadi macho yakauma, nikaipenda kadi yangu, nikaitia kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi la Ushirombo. Nakala nyingine niliisimamisha mezani dukani, iwe sampuli.

Jirani yangu wa duka, mtu wa Tanga anayeuza vitenge, huwa haingii Krismasi isipokuwa kwenye pilau. Aliinyanyua ile sampuli, akaisoma kwa sauti ya Kiswahili chake cha pwani kisicho na vumbi.

"Hapakuwa na mahari, lakini alipokelewa." Akanitazama. "Dada yangu, hongera kwa ujasiri. Hii umepeleka kwa nani?"

Nilimwambia asome vizuri. Akasoma tena. Nikamnyang'anya nikasoma mwenyewe, na pale, katika karatasi ya dhahabu, ilikuwepo R imenyooka, imekatwa vizuri mno, haina hata kinyuzi. Mimi, mrekebishaji wa vibao vya mji! Ndivyo anavyopatikana Msukuma aliyesoma: anaiogopa L hadi anatia R mahali isipotakiwa. Na si neno jingine lolote, ni lile lile. Na ng'ombe juu yake, amesimama.

Nilimpigia kondakta. Alisema mzigo umeshachukuliwa na mzee mwenyewe, tena ameufungua palepale stendi kwa furaha.

Baba watoto aliporudi alikuwa ameshaiona, maana mdogo wake aliipiga picha na kuitupa kwenye kundi la ukoo la simu. Shangazi wa Geita aliandika kwamba huyu mke anaongea kwa Biblia, atamweza nani. Mjomba mmoja aliuliza kama ng'ombe ni huyo mmoja tu au ni mfano. Wengine waliweka alama za kucheka, halafu, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuuliza kwa nini kweli mahari haijaenda. Baba watoto alikaa kitandani akasema, "Umetumaliza." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Simu ya mzee ilikuja asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu: Baba, ile ni mahali, siyo mahari, ni herufi tu, nisamehe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkamwana."

Mkamwana. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote wa nyumba ile. Niliishika simu kwa mikono miwili.

"Kadi tumeipata," akasema. "Nimeisoma mbele ya mama yako mkwe. Wengine wangetutukana. Wewe umetuma neno la Mungu na ng'ombe wa karatasi." Akakohoa. "Ulimaanisha ulichoandika?"

Sentensi yangu ilikuwa ulimini, imenyooka, kila herufi mahali pake. Mimi ambaye nimebishana na vibao vya saluni, nimesahihisha mabango ya mikutano, nimemkatiza mchungaji katikati ya tangazo. Nilikuwa na nafasi ya kusahihisha kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona.

"Nilimaanisha, baba," nikasema.

Mavuno yakapatikana ghafla. Kabla ya Krismasi lori dogo lilitoka Ushirombo na ng'ombe wa kweli, likapita Kahama kutuchukua, na mzee mwenyewe akakaa mbele na kofia yake ya kanisani. Kadi aliibeba mfukoni. Mvua ilikuwa imenyesha, tukakwama kwenye tope na kusukuma, na ng'ombe mmoja akaninyea fulana mpya. Sikulalamika hata kidogo, jambo ambalo baba watoto analikumbusha hadi leo.

Baba yangu alitungoja nje ya boma Kishapu. Watoto waliamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka" kama walivyofundishwa, wazee wakasalimiana kwa zamu ndefu za heshima, ng'ombe wakateremshwa, wakakaguliwa meno na kwato kana kwamba wanaomba kazi. Baba hakutabasamu mpaka wa mwisho alipoingia zizini. Kisha akaenda ndani, akatoka na kiti chake mwenyewe, kile cha miguu mitatu ambacho hata mimi sikuruhusiwa kukikalia nikiwa mtoto. Akakiweka kivulini, akamshika baba watoto mkono.

"Kalibu, mkwe," akasema. "Kaa. Hapa ndiyo mahari pako."

Baba watoto alinitupia jicho, akingoja nirekebishe. Nilimwambia akae.