Uji ya Mutoto wa Miezi Mbili

Ninyi bijana benye mutasoma hii, musifikiri kila mutoto mwenye kulala sana ameshiba. Mi pia nilifikiri vile.

Mujukuu wangu wa miezi mbili alikuwa anaamuka kila saa juu ya kunyonya, mama yake anasinzia mpaka mbele ya sahani. Nikamwambia: "Weye, maziwa yako ni maji tu. Lete biberon." Asubui nikatia uji ya bunga mu ile chupa ya kunyonyesha, nikamupa mutoto. Akalala. Nikajisifu kwa majirani.

Saa sita ya muchana alikuwa angali analala. Tukamuvua nguo, tukamupangusa miguu na maji ya baridi. Anafungua macho, anafunga. Maziwa ya mama yake inatonya ku nguo, yeye hanyonyi. Tukapanda pikipiki mpaka ku dispensaire, kwa muganga.

Muganga, mwanamuke kijana, akaniangalia. "Mama, tumbo yake ni kadogo, uji imemulemea. Kuamuka kila mara njo kazi yake."

Magaribi mutoto akashika ziwa. Kufika ku nyumba nikasema: "Mutoto anyonye mama yake tu. Akilia, mumuletee mama yake chakula na munyamaze. Mukinikuta mi na ile sufuria ya uji, munipokonye."