Pipa Letu na Rangi ya Moto

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani, Mususa, mjini Butembo, nikiwa na diploma, wasiwasi wangu wa kila siku, na wazo moja: kupika maganda ya kahawa pamoja na plastiki kuukuu ndani ya pipa lisiloingia hewa, mpaka mvuke wake upoe uwe mazutu, yaani dizeli. Maganda alinipa baba mdogo anayelima kahawa Kalunguta. Bidoni, yaani madumu, na beseni za plastiki zilizopasuka hazikosekani Butembo.

Jambo moja sikuliwaza, mimi ninayerudi nyumbani kutazama kama mlango nilioufunga umefungika. Pipa juu ya moto, bomba linalopita kwenye maji baridi, chupa inayokinga matone: kila mtu kwetu anajua kinachopikwa hivyo. Kanyanga, ile pombe kali ya magendo. Na mama yangu ndiye prezidanti wa wamama wa kanisa letu, ambalo halivumilii hata kasiksi, pombe ya ndizi.

Ijumaa mchana shemasi aliingia uani, shati jeupe, bila hodi.

"Mama prezidanti, batu banasema kwako munapika kanyanga. Kama njo kweli, Jumapili, siku ya Mungu, utaacha kiti."

"Mutoto wangu njo anapika," mama alijibu. "Anasema ni mazutu. Mimi nasikiaka tu."

Asante, mama.

Nikaanza kuwaza. Maganda yakipikwa hutoa pia maji machungu, yenye kileo kidogo sana, ambayo hukaa chini ya mafuta. Nikinyamaza, nimedanganya kanisa. Nikisema, nimemvua mama cheo.

"Shemasi," nikasema, "kwa upande wa kemia, kileo kidogo kinaweza..."

"Funga kinywa, weye!" mama akanikata.

"Lete chupa," shemasi akasema. "Tuiwashe. Kanyanga inawakaka buluu, pole pole, bila moshi."

Nilipoileta, alifunga kitambaa kwenye kijiti. Nilisali asikizamishe hadi chini. Alikichovya juu juu tu, akakiwasha. Moto ukaruka wa njano, na masizi meusi yakatua kwenye shati lake kama yalikuwa yakilitafuta.

"Hapana kanyanga," alisema akikohoa. "Ni mazutu. Mazutu mubaya, lakini mazutu."

"Aksanti, shemasi," mama alisema kwa upole. "Nami niko na ulizo. Rangi ya moto wa kanyanga, ulifundishwa mu somo gani ya Biblia?"

Shemasi akaanza kutafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

Siku ya Mungu alisimama mbele ya kanisa, akatangaza kwamba kwa mama prezidanti kunapikwa mazutu, akaketi upesi, macho chini. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, kitenge kimenyooka. Aligeuka akanikazia jicho, maana ananijua: bado nilikuwa nawaza yale maji ya chini ya chupa, na mdomo ulikuwa umeshaanza kufunguka.