Safu ya Tatu ya Majani

Mtambuzi wa vimea katika maabara yetu, mzaliwa wa Kolwezi, mji wa mkoa wetu, hakutaja jina kwa pupa. Kimea kilichobanduliwa kwenye gome alikilowesha, akakiweka chini ya lenzi, akafuata safu mbili za majani ubavuni, kisha akakipindua kutafuta ya tatu, ile ndogo inayojificha chini ya shina. "Usiseme jina mbio mbio, mama," alinionya kila siku. "Tuangalie kwanza chini."

Mwaka ule wa kufukuza Wakasai, watu wenye asili ya mkoa jirani, hata waliozaliwa kwetu, mwanamume mwenye rungu alimtazama mara moja tu pale mlangoni pa maabara. "Mukasai," akasema.

Nilimpelekea bukari, ugali wetu, stesheni, Wakasai walikorundikwa kungoja treni ya kuwaondoa. Nikamkuta ameinamia kimea kilichoota kwenye ukuta wenye unyevu, lenzi jichoni.

"Hii ni ya hapa, tata?" nikamuuliza, nikimwita baba kwa heshima.

"Sijajua bado, mama. Ni siku ya tatu tu niko naangalia."