Siku Tano Bwawani na Baba Neema

Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilipouzwa, mafundi wa zamani walipewa barua na kuambiwa waende nyumbani. Baba Neema alirudi kwetu Tengeru akaanza kukaa. Alikaa miezi. Wenzake walikuwa wanafungua vibanda vya mitumba na mashine za kusaga. Yeye alikaa kwenye ngazi ya nyuma, akitazama migomba. Kwa hiyo siku alipoleta boti nyumbani sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, na alipewa na Mhindi mmoja mwenye duka la vipuri mjini, baada ya kumtengenezea jenereta. Ilikuwa imelala uani kwa Mhindi huyo miaka mingi, kuku wakitagia ndani. Baba Neema aliziba nyufa, akaifufua mashine yake, akanieleza mpango. Kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu vijiji viko pande zote za maji, na kuzunguka kwa miguu ni kazi ya siku nzima. Tungebeba abiria. Lakini kwanza tuzunguke wenyewe, tuzijue njia.

"Mimi sijui kuogelea," nilimwambia.

"Najua mimi. Nimekulia mtoni."

Jumatatu alfajiri tuliipakia boti kwenye pikapu ya jirani, tukaifunga kwa kamba za katani. Pale Maji ya Chai wauza ndizi walituuliza kama tunahamia baharini. Baba Neema alicheka, na mimi nikajisikia vizuri kwa kitambo. Baada ya Moshi tuliiacha lami, na kuanzia hapo safari ikawa vumbi tu. Lilituingia puani, likaingia kwenye chapati nilizofunga. Kila shimo boti iliruka, na kila iliporuka nilisikia kitu kikilia ndani yake, lakini sikusema.

Saa nane mchana tulifika ufukweni, migongo imekufa ganzi. Jirani alitusaidia kuishusha boti, akageuza pikapu yake. Mvuvi mmoja mtu mzima, Mzee Athumani, alikuwa ameanika nyavu zake. Tulimpa shikamoo, akaitikia huku akiizunguka boti yetu.

"Hapa upepo unaamka saa tano," alisema. "Tembeeni asubuhi. Na mkae mbali na matete, huko kuna viboko."

Mkewe, Bi Mwanaidi, alitupa chumba cha kulala.

Jumanne asubuhi maji yalikuwa kimya. Mashine iliwaka kwa mvuto wa tatu na tukaenda vizuri kweli. Mlima Meru ulionekana mbali upande wa kaskazini magharibi, mdogo kama kichuguu. Baba Neema aliniambia kwamba maji tuliyopita juu yake yametoka huko kwetu. Vijito vyote vinashuka kwenye mto Kikuletwa, na Kikuletwa unamwaga humu. Aliongea sana asubuhi ile. Nilikuwa nimesahau sauti yake ilivyo akieleza kitu.

Yapata saa nne mashine ilikohoa ikazima. Tulikuwa tumeukanyaga wavu, na propela ilikuwa imejisokota ndani yake kama uzi kwenye mashine ya kushonea. Baba Neema aliinama kukata kwa kisu. Katika kuinama alilipiga kasia kwa kiwiko, likaanguka majini, na lilikuwa moja tu. Tukalitazama likienda.

Upepo ukaamka kama tulivyoambiwa. Ulitusukuma mpaka kwenye matete, mahali mto unapoingilia, na boti ikakaa kwenye tope. Kumbe kule barabarani ufa mmoja wa boti ulikuwa umefunguka. Maji yakaanza kutufikia vifundoni. Nilichukua sufuria ya ugali nikawa nachota na kumwaga, nachota na kumwaga. Si mbali nasi kiboko alitoa pumzi, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya zaidi.

Mbele ya matete kulikuwa na maji ya wazi, na ng'ambo yake watu wadogo wadogo wakianika samaki.

"Ogelea ukawaite," nilisema.

Aliendelea kukata wavu. Niliacha kuchota.

"Baba Neema."

"Sijui kuogelea," alisema. "Mto wetu ulikuwa unanifika magotini."

Tulikuwa na miaka ishirini na miwili ya ndoa. Nilitaka kukasirika, lakini mikono ilikuwa imechoka mno. Nilimpa sufuria. Alichota yeye, nikapumzika. Kisha nikachota mimi. Tulipokezana hivyo mpaka jua lilipoanza kuinama.

Aliyetufikia ni Mzee Athumani, katika mtumbwi wake. Aliangalia propela yetu kwanza, halafu sisi.

"Nilikuwa natafuta wavu wangu," alisema. "Haya, shikeni kamba."

Jumatano na Alhamisi tulikaa kutengeneza tulichoharibu. Mimi na Bi Mwanaidi tulishona wavu, nyuzi zikinikata vidole. Baba Neema alikaa chini ya banda na wavuvi, mashine zao mbovu zimepangwa mbele yake. Walimuuliza hili na lile, naye akaeleza, akachora mchangani, akaeleza tena.

"Mumeo ni msemaji," Bi Mwanaidi alisema bila kuinua macho.

"Nyumbani hasemi kitu."

"Huwa mnamuuliza nini?"

Miezi yote ile nilikuwa nimempikia, nimemwonea huruma, nimewaambia watoto wasimsumbue baba. Shida zote za nyumba nilizimaliza peke yangu ili asijisikie vibaya. Nilirudi kwenye wavu, nikashona tundu jingine.

Ijumaa tuliondoka bila boti. Baba Neema alimwachia Mzee Athumani, akisema anayeyajua maji ndiye aitumie. Wavuvi walimwomba arudi kila mwezi kuzikagua mashine zao, naye akakubali. Tulirudi juu ya lori la vitunguu, tukiwa tumeegemeana, tumechoka kiasi cha kutoona Moshi tulipoipita.

Tulifika Tengeru jioni. Mlango wa jikoni ulikuwa umeshuka tangu masika na ulikwaruza sakafu. Nilikuwa nimezoea kuuinua kwa bega kila nilipopita. Niliweka mkono, kisha nikauacha.

"Baba Neema," niliita, "mlango huu una nini?"

Alikuja na vumbi lake lote. Akaufungua, akaufunga, akauinamia.

"Bawaba ya juu imelegea," alisema. "Ushikilie hivi, usichoke."

Nikaushikilia.