Propu Mbili, Propu Wawili

Wakati huo mume wangu alikuwa akifunza raga katika chuo kimoja cha ufundi, na timu yake ilikuwa mchuzi bila ugali. Mkuu wa chuo alimruhusu aingize wachezaji wachache wasome bila karo. Nafasi karibu zote akawapa vijana wenye mbio. Eastlands nzima ilitaka kushika mpira, ikimbie nao, ishangiliwe. Hakuna aliyetaka kwenda mbele kule wanakoinama na kusukumana kama mafahali. Kila mechi walikuwa wanasukumwa mpaka nasikia aibu, mimi niliyeketi kando na mtoto mchanga.

Na ndugu ninaye. Mdogo wangu, shingo na kichwa upana mmoja, alimaliza kidato cha nne na alama nzuri, halafu akaishia kubeba mawe mjengoni Industrial Area, akilala Mukuru kwa Reuben. Nilikuwa nikimfikiria huku nikifua nepi, nazisugua mpaka zinatoboka.

"Mchukue," nilimwambia mume wangu.

"Watu watasema ninajaza timu mashemeji."

"Shemeji mmoja anajaza timu? Waseme mkishinda. Saa hizi wanasema mkishindwa."

Mwishowe akakubali kumjaribu, yeye na mwenzake yeyote mzito. Akamtuma jirani mmoja aliyekuwa akienda Reuben: "Mwambie shemeji yangu nataka propu mbili, Jumamosi asubuhi, uwanja wa chuo. Asikose."

Kwenye raga, propu ni wale wawili wa mbele kabisa wanaobeba uzito wa kusukumana. Kwenye mjengo, propu ni mti unaoshikilia slabu mpaka simiti ikauke. Angesema wawili, ndugu yangu angejua ni watu. Lakini mume wangu amezaliwa Makongeni, Nairobi ya Sheng, na ngeli kwake zilikuwa kitu cha kupitia mtihani.

Jumamosi ndugu yangu akatokea na miti miwili ya mkaratusi begani, ameibeba kutoka Reuben kwa miguu, jasho likimtiririka hadi ndani ya gambuti.

"Shemeji, sasa. Hizi niweke wapi?"

Wale wa mbio wakalala kwenye nyasi kwa kicheko. Mmoja akauliza, "Kochi, kwani tunajengewa ghorofa?"

"Wawili," nilimwambia mume wangu mbele yao wote, mtoto mgongoni. "Propu wawili. Mtu hasemwi mbili, hata akiwa mnene."

 Yeye alikuwa akitazama ile miti, kisha lile bega, na nikajua anapima njia yote ya kutoka Reuben.

"Tua," akamwambia ndugu yangu. "Inama hapa. Shika huyu kwa jezi. Ukisikia sukuma, sukuma."

Alisukuma. Wa upande ule mwingine wakarudi nyuma mpaka nje ya mstari, mmoja wao akilalamika, "Pole pole, mzee, mimi nina mama."

Mume wangu alifurahi kama aliyepata mapacha. "Umeingia. Nafasi ya masomo imebaki moja, na ni yako. Nilikuwa nimempangia winga mwingine, lakini atangoja. Mbio ninazo za kuuza."

Ndugu yangu akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Na nikiumia shingo, shemeji? Darasani nabaki, ama narudi mjengo?"

Mume wangu alikuwa amepanga nani asimame wapi. Hilo hakuwa amelipanga.

"Mjibu," nikasema.

"Itabidi nimuulize mkuu."

"Muulize leo."

"Leo Jumamosi, mama."

"Anaishi hapo nyuma ya karakana. Nenda."

Akaenda, filimbi ikimning'inia shingoni. Ndugu yangu akamchukua mtoto, akamrusharusha juu ya goti kwa mikono ile yenye vumbi la simiti.  Macho yake yalikuwa kwenye kona ya karakana. Nami nikasimama hapo nimenuna, nikijiambia kwamba jibu likiwa baya, huyo mwanamume atajipikia.

Alipotokea, alikuwa akitembea haraka, yeye ambaye huwa hana haraka.

"Anasoma mpaka amalize," akasema. "Acheze, asicheze."

Ndugu yangu akanirudishia mtoto, akamshika shemeji yake mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Basi nionyeshe tena pa kushika," akasema, akainama.